Kikulacho Ki Nguoni: Kuilinda Kompyuta ya Nyumbani Balambala

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Sidhani kuna methali inayoeleza vyema zaidi namna virusi na programu za kijasusi zinavyoingia katika kompyuta za majumbani, hususan mahali kama Balambala, nilikozaliwa na kulelewa. Mashauri mengi tunayosoma kuhusu ulinzi wa kompyuta huchukulia kwamba adui yuko mbali, ng'ambo ya bahari, na kwamba hutujia kwa njia ya intaneti. Huchukulia pia kwamba mwenye kompyuta ana mtandao usiokatika, ana kadi ya benki ya kulipia programu ya ulinzi, anasoma Kiingereza bila taabu na anaitumia kompyuta yake peke yake. Kwetu mambo ni kinyume. Ugonjwa wa kompyuta huletwa na jamaa, jirani au mwanafunzi mwenzetu, mkononi, ndani ya flashi iliyo ndogo kuliko kidole gumba. Nia yangu katika makala haya ni kuonyesha kwamba kinga ya kompyuta ya nyumbani ni suala la adabu na la lugha kabla ya kuwa suala la programu, na kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna deni la kulipa katika suala hilo.

Kwa msomaji asiyeijua, Balambala ni mji mdogo katika Kaunti ya Garissa, kandokando ya mto Tana, ukipanda na mto kutoka mji wa Garissa. Wengi wetu ni Wasomali na ufugaji ndio uti wa mgongo wa maisha yetu. Kisomali ndiyo lugha ya nyumbani, Kiswahili ndiyo ya darasani, sokoni na safarini, nacho Kiingereza ni cha mitihani na barua za serikali. Kompyuta ya nyumbani kwetu ni ya mezani. Ilinunuliwa ikiwa imekwisha kutumika, na huwashwa kwa umeme wa jua. Dada yangu mkubwa, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, huandalia mitihani humo. Kaka yangu huweka humo hesabu za duka. Majirani nao huja kuchapisha barua za kuomba kazi na fomu za basari za watoto wao. Kwa hiyo kompyuta hiyo, ingawa iko sebuleni mwetu, ni kama kisima: kila mtu ana ndoo yake, na kila ndoo hutumbukizwa humo humo.

Mimi nimehifadhi humo rekodi za sauti za wazee walionisimulia ngano na visakale kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Mmoja wa wazee hao alifariki kabla sijamaliza kunukuu masimulizi yake. Kwa kadiri tujuavyo mimi na jamaa zake, sauti yake haikubaki mahali pengine popote isipokuwa katika faili kumi na moja. Nalitaja jambo hili ili msomaji aelewe kwamba tunapozungumzia virusi hatuzungumzii tu chombo cha bati na plastiki kinachoweza kununuliwa kingine. Tunazungumzia mambo ambayo yakipotea yamepotea.

Yafaa tuanze na istilahi. Neno la asili ni la Kilatini na maana yake ni sumu. Wataalamu wa tiba walilichukua kwa maana ya vijidudu vya maradhi, kisha watu wa kompyuta wakaliazima kwa watu wa tiba. Lilipoingia katika Kiswahili kwa umbo la virusi, wasemaji waliona kiambishi vi- mwanzoni, wakalipa umoja wake: kirusi. Wapo wanaolicheka umbo hilo kwa kuwa Kirusi ni lugha ya Warusi, lakini muktadha hutosha kutofautisha. Kirusi cha kompyuta, basi, ni programu ndogo inayojipachika katika faili au chombo kingine na kujinakili kila inapopata nafasi. Programu ya kijasusi ina tabia tofauti. Haina haja ya kuharibu kitu. Hutulia kimya, ikatazama vibonye unavyobonyeza, ikakusanya maneno yako ya siri, na mtandao unapopatikana ikayatuma kwa bwana wake. Ya kwanza utaijua kwa madhara yake. Ya pili yaweza kukaa nawe mwaka mzima ukaiona kompyuta yako kuwa nzima kabisa.

Isidhaniwe kwamba ugonjwa unaopita mkononi ni wa watu walioachwa nyuma na maendeleo. Brain, kirusi cha kwanza kuenea katika kompyuta za kibinafsi za jamii ya IBM, kilitungwa mwaka 1986 mjini Lahore, Pakistani, na ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi. Wakati huo intaneti haikuwa imefika majumbani. Kirusi hicho kilisafiri ndani ya disketi, kutoka mkono hadi mkono, nao ndugu hao waliandika ndani yake majina yao, anwani yao na nambari zao za simu. Mnamo Mei 2000 kilitokea kirusi cha ILOVEYOU, kilichoanzia Ufilipino na kuambukiza mamilioni ya kompyuta kwa muda wa siku chache. Hicho kilipita katika barua pepe, lakini siri ya nguvu zake ilikuwa ile ile: kilijituma kwa watu wote waliokuwa katika orodha ya anwani za aliyeambukizwa, na kwa hiyo kila aliyekipokea alikiona kimetoka kwa mtu anayemfahamu. Mwaka 2008 kikaja Conficker, ambacho pamoja na kupita mtandaoni kilijificha katika flashi na kutumia tabia ya Windows ya kuamsha yenyewe programu iliyomo ndani ya flashi mara inapochomekwa. Mnamo Februari 2011 Microsoft ilitoa sasisho la kuizima tabia hiyo katika matoleo ya zamani ya Windows.

Mlango huo ulipofungwa, watunzi wa virusi walitafuta mwingine. Virusi ambavyo sisi tumeviona zaidi ni vile vinavyozificha folda zako halisi, kisha kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yale yale. Ukibofya, kwanza unakiamsha kirusi, halafu folda yako inafunguka kama kawaida, nawe huna sababu ya kushuku lolote. Wengi wanapoona flashi imejaa njia za mkato hudhani kazi yao imefutwa, na wengine huifuta flashi yote kwa hasira. Aghalabu faili zao zimo bado, zimefichwa tu, na hurejeshwa kwa kuiamuru kompyuta ionyeshe faili zilizofichwa baada ya kirusi kuondolewa. Anayelijua hilo ameokoa kazi ya mwaka.

Sasa nije kwenye suala la adabu. Msimu mmoja wa basari, kijana wa ukoo wetu alikuja nyumbani alasiri na flashi yake. Alitaka kuchapisha barua iliyopaswa kufika ofisini asubuhi yake, na flashi hiyo ilikuwa imetoka kuchomekwa katika duka la kuchapisha la mji mwingine. Dada yangu hakuifungua. Aliiamuru kwanza programu ya ulinzi iichunguze, na mara kukatokea onyo la rangi nyekundu. Kijana aliposikia neno virusi mbele ya watu waliokuwapo, uso ulimbadilika. "Dada, kwani mimi nina ugonjwa?" aliuliza, akanyosha mkono kuitaka flashi yake aende zake. Katika jamii yetu mgeni hapekuliwi mzigo mlangoni. Kumwambia mtu hadharani kwamba alichokuja nacho ni kichafu si jambo dogo, na kijana yule angeondoka, barua yake isingefika.

Mjomba wetu, mfugaji ambaye hajapata kugusa kibodi maishani mwake, alikuwa ameketi barazani. Aliuliza kulikoni. Nilimweleza kwa Kisomali kwamba ni maradhi yanayotoka katika kimoja na kuingia katika kingine. Akaniambia, akiniita abti kama mjomba wa Kisomali amwitavyo mpwa wake: "Abti, mbuzi uliyemnunua sokoni Garissa, unamtia zizini usiku ule ule? Humfungi kando kwanza ukamtazama anavyopumua? Je, kufanya hivyo ni kumtukana aliyekuuzia?" Mfugaji yeyote anaijua homa ya mapafu ya mbuzi, inayoweza kumaliza kundi kwa sababu ya mnyama mmoja aliyeingizwa kwa pupa. Kijana alicheka, akaketi. Flashi ilisafishwa, barua ikaonekana pale ilipokuwa imefichwa, ikachapishwa kabla ya magharibi.

Kwa maoni yangu, mjomba alisema jambo ambalo vitabu vya kompyuta havilisemi wazi. Uchunguzi huwa tusi pale tu unapofanyiwa mmoja na kusamehewa mwingine. Tangu siku hiyo sheria ya nyumba imekuwa moja: kila flashi huchunguzwa kabla ya kufunguliwa, iwe ya mgeni, ya mwenye nyumba, au ya dada mwenyewe itokapo shuleni. Hakuna anayeona haya, kama vile asivyoona haya mtu kuvua viatu mlangoni. Programu ya ulinzi haikununuliwa. Tangu Windows 8 iliyotoka mwaka 2012, kompyuta za Windows huja na kinga ya virusi ndani yake. Kinachohitajika ni mtu wa kuitumia bila kumwonea mtu aibu.

Fauka ya hayo, zipo hatua nyingine ambazo hazihitaji fedha. Ya kwanza itawafurahisha wanamofolojia. Jina la faili lina kiambishi tamati kinachoiambia kompyuta faili hiyo ni ya ngeli gani: waraka, picha, sauti au programu. Windows kwa kawaida hukificha kiambishi hicho. Basi mtunzi wa kirusi huipa programu yake jina kama barua.docx.exe, nayo kompyuta ikaficha sehemu ya mwisho, ukaona barua.docx tu na kudhani ni waraka. Kirusi cha ILOVEYOU kilitumia hila hiyo hiyo kujifanya faili ya maandishi. Kuiamuru Windows ionyeshe viambishi tamati vyote ni kazi ya dakika moja, na baada ya hapo hata mtoto wa darasa la sita anaweza kuona kwamba barua hii si barua. Hatua ya pili ni kutenga akaunti. Akaunti ya msimamizi, yenye uwezo wa kuingiza programu mpya, iwe ya mtu mmoja nyumbani. Watoto, wageni na hata msimamizi mwenyewe katika kazi za kila siku watumie akaunti ya kawaida. Hatua ya tatu ni kukataa programu za wizi. Programu ya bei kubwa inayogawiwa bure baada ya kuvunjwa kufuli yake mara nyingi huja na abiria asiyealikwa.

Hata hivyo, mfano wa zizi una mpaka wake. Mbuzi mgonjwa hukohoa, bali jasusi hakohoi. Hapa ndipo fasihi yetu wenyewe inapotufaa. Mto huu wa Tana unaopita Balambala humwaga maji yake baharini karibu na Kipini, sehemu ambazo mapokeo yanazihusisha na Fumo Liyongo. Sote tumeusoma utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Liyongo hakuwezwa kwa mishale wala kwa jela. Adui alimtumia mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa makuu, amuulize baba yake ni kitu gani kinachoweza kumuua. Siri ya sindano ya shaba kitovuni haikuibwa; ilitolewa na mwenyewe, kwa kuwa aliyeiuliza alikuwa mtu wa ndani.

Neno la siri la kompyuta, la barua pepe au la simu ya pesa ndiyo sindano yetu ya shaba. Ujumbe unaojidai kutoka benki au chuoni ukitutaka tuandike neno la siri haraka, au mtu anayepiga simu akijiita mhudumu, ni mwana wa Liyongo aliyebadili mavazi. Katika kompyuta inayotumiwa na wengi kuna hatari zaidi: kivinjari huuliza kama kikuhifadhie neno lako la siri, na wengi hukubali ili wasisumbuke kuliandika tena. Programu ya kijasusi ikiingia, hiyo ndiyo ghala ya kwanza inayofunguliwa. Nyumbani kwetu hatuhifadhi maneno ya siri katika kivinjari cha wote. Kila mtu huyaandika yake kila anapoingia, na akimaliza hutoka katika akaunti yake.

Wapo pia wanaoweka programu za kijasusi kwa makusudi katika simu na kompyuta za waume, wake au ndugu zao, wakisema ni mapenzi au ni ulinzi. Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018 inakataza kuingia katika kompyuta ya mtu na kunasa mawasiliano yake bila idhini. Kwa mtafiti wa fasihi simulizi jambo hili ni zito zaidi. Wazee wangu hawakunisimulia ngano tu. Walinitajia ugomvi wa koo, mahari yasiyolipwa na majina ya watu walio hai, wakiniamini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya habari za watu azilinde, lakini hata kabla ya sheria hiyo, aliyekukaribisha chai akakufungulia kifua amekupa amana.

Limebaki suala la mtandao. Masasisho ndiyo chanjo ya kompyuta. Mnamo Mei 2017 programu ya WannaCry ilizifunga faili katika kompyuta zaidi ya laki mbili duniani, zikiwamo za hospitali za Uingereza, na kudai fidia ili izifungue. Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuuziba ufa huo Machi mwaka huo, na waliokuwa wamelipokea hawakudhurika. Je, asiye na mtandao wa kutegemewa afanyeje? Kwetu, mtu akienda Garissa kwa shughuli zake hupakua faili ya karibuni ya kinga ya virusi, ambayo Microsoft huitoa bure, akaileta nyumbani katika flashi safi. Kwa hiyo flashi ile ile inayobeba ugonjwa hubeba dawa. Aidha, ni vyema anayenunua kompyuta iliyotumika aulize toleo la mfumo wake. Masasisho ya kawaida ya Windows 7 yalikoma tarehe 14 Januari 2020, na ya Windows 10 yakakoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta isiyoweza kubeba toleo jipya yaweza kuwekewa mfumo huria wa Linux, ambao hautozwi ada.

Na kwa kuwa hakuna zizi lisilopata kuingiliwa na fisi, ziwepo nakala. Rekodi za mzee wangu ziko mahali patatu: katika kompyuta, katika diski ya nje isiyochomekwa isipokuwa siku ya kunakili, na katika diski nyingine iliyofungwa kwa neno la siri, ambayo haiko Balambala kabisa. Diski inayokaa imechomekwa siku zote si nakala ya kutegemewa, kwa maana programu ya kudai fidia hufunga kila kinachoonekana ndani ya kompyuta.

Nilisema kwamba tuna deni. Mama yangu anasoma Kiswahili vizuri, lakini onyo la kompyuta linapotokea huwa kwa Kiingereza, naye hubonyeza kitufe kilicho kikubwa zaidi ili liondoke. Kosa si lake. Mnamo 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, na Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya Windows. Kazi ya istilahi, basi, imekwisha kuanzwa. Katika semina zetu tumebishana saa nzima iwapo tuseme tarakilishi, ngamizi au kompyuta, lakini hatujaandika ukurasa mmoja wa kumwambia mama wa nyumbani abonyeze nini onyo jekundu linapotokea.

Nimeanza kuuandika ukurasa huo. Una sentensi sita, kwa Kiswahili upande mmoja na kwa Kisomali upande wa pili, na dada yangu ameubandika ukutani juu ya kompyuta. Sentensi ya kwanza yasema kila flashi ichunguzwe, hata ya mwenye nyumba. Ya tano bado inanitatiza, kwa sababu sijapata neno moja la Kiswahili la kumweleza mama programu ya kijasusi ni nini bila kumtisha wala kumchosha. Nawaomba wanachama wenzangu, hasa wenye ujuzi wa istilahi na tafsiri, tukutane juu ya sentensi hiyo, kisha ukurasa huo tuupeleke Garissa, Wajir, Mandera na kila nyumba yenye kompyuta moja na watumiaji kumi.